Kupima na Kugeza: Hesabu za Kutenganisha Viambato katika Kemia ya Uchanganuzi

Katika Kiswahili vitenzi kupima na kugeza vinakaribiana sana, na aghalabu huchukuliwa kuwa vina maana moja. Hata hivyo ipo tofauti ambayo yafaa ihifadhiwe. Kupima ni kutafuta kiasi cha kitu kisichojulikana; kugeza ni kukilinganisha kitu na kingine ambacho kimekwisha kujulikana. Kutokana na kitenzi hiki cha pili imepatikana nomino kigezo, na wataalamu wa vipimo nchini Tanzania hutumia neno ugezi kwa ile kazi ya kuhakikisha kwamba chombo cha kupimia kinasema kweli. Maana yenyewe si ngeni. Muuza nafaka wa pwani aliyepima mchele kwa kibaba, au kwa pishi yenye vibaba vinne, aliweza kuwa mwaminifu kabisa katika kujaza na kufuta, na bado akampunja kila mnunuzi, iwapo kibaba chenyewe kilikuwa kidogo. Kosa la namna hiyo halimo katika kupima, bali limo katika kigezo; na uangalifu wa kupima, hata ukiwa mwingi namna gani, hauwezi kuliondoa.

Kemia ya uchanganuzi, yaani elimu ya kutambua vitu vilivyomo katika mchanganyiko na kiasi cha kila kimoja, inakabiliwa na jambo hilo hilo, tena kwa namna iliyo ngumu zaidi. Mara nyingi viambato vinavyotafutwa vimo pamoja katika chupa moja, na alama ambazo chombo kinazipokea kutoka kwavyo zimepandana. Hapana budi basi kuzitenganisha kwa hesabu. Hesabu hizo ndizo zitakazoelezwa hapa, pamoja na swali ambalo kila mmoja azitumiaye yampasa kujiuliza: je, jibu lililopatikana limetoka katika sampuli, au limetoka katika kigezo?

Kiambato kimoja

Msingi wa njia nyingi za uchanganuzi ni mwanga. Mwanga ukipitishwa katika maji yenye rangi, sehemu yake hufyonzwa na sehemu hupita. Pierre Bouguer wa Ufaransa aliandika juu ya jambo hili mwaka 1729, akafuatwa na Johann Heinrich Lambert mwaka 1760. Na mwaka 1852 August Beer wa Ujerumani akalihusisha na ukolezi, yaani wingi wa kitu kilichoyeyushwa. Neno ukolezi linatokana na kukolea, na kila mpishi analijua: chai iliyokolea rangi huuzuia mwanga kuliko chai nyepesi.

Ili hesabu iwe rahisi, wanakemia hawatumii kiasi cha mwanga uliopita, bali hutumia namba iitwayo ufyonzaji. Mwanga ukipita kwa sehemu moja ya kumi tu, ufyonzaji ni 1. Ukipita kwa sehemu moja ya mia, ufyonzaji ni 2. Ukipita wote, ufyonzaji ni 0. Faida ya namba hii ni kwamba huongezeka sawasawa na ukolezi: ukolezi ukiongezwa maradufu, ufyonzaji nao huwa maradufu, madhali kimiminika si kizito mno na chombo ni kile kile. Kwa hiyo kugeza kiambato kimoja ni kazi nyepesi. Hutayarishwa sampuli chache zenye ukolezi unaojulikana, ufyonzaji wa kila moja hupimwa, na mstari ulionyooka huchorwa kupitia katika alama zao. Sampuli ngeni ikiletwa, ufyonzaji wake hupelekwa kwenye mstari huo, na ukolezi husomwa.

Viambato viwili: mfano wa klorofili

Shida huanza pale vitu viwili vinapofyonza mwanga ule ule. Mfano ulio wazi ni jani la mmea. Rangi ya kijani ya mimea ya nchi kavu inatokana hasa na klorofili za aina mbili, a na b, ambazo zinafanana sana katika umbo lao. Zote mbili hufyonza mwanga mwekundu, lakini si kwa kadiri ile ile katika kila urefu wa wimbi. Klorofili a hufyonza zaidi karibu na nanomita 663, na klorofili b karibu na nanomita 645. Hata hivyo kila moja huacha alama yake katika eneo la mwenziwe.

Kinachosaidia hapa ni kwamba ufyonzaji hujumlishika: ufyonzaji wa mchanganyiko ni jumla ya ufyonzaji wa kila kiambato. Basi ukipimwa katika urefu wa mawimbi mawili, hupatikana milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, na milinganyo hiyo hutatuliwa pamoja kama afanyavyo mwanafunzi wa sekondari. Mwaka 1949 Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California alichapisha hesabu ya namna hii kwa majani yaliyosagwa na kuyeyushwa katika asetoni ya asilimia 80. Kwa kutumia A kuwa ni ufyonzaji, na jibu likiwa ni miligramu kwa lita, hesabu yenyewe ni hii:

Klorofili a = 12.7 × A663 − 2.69 × A645
Klorofili b = 22.9 × A645 − 4.68 × A663

Alama ya kutoa katika kila mstari ndiyo inayobeba maana yote ya njia hii. Sehemu ya kwanza huchukua ufyonzaji wa mahali ambapo kiambato kinatawala; sehemu ya pili huondoa kile ambacho mwenziwe ameongeza mahali hapo. Ikiwa, mathalan, A663 ni 0.80 na A645 ni 0.30, basi klorofili a ni 10.16 kutoa 0.81, yaani 9.35, na klorofili b ni 6.87 kutoa 3.74, yaani 3.13. Msomaji ataona kwamba katika mstari wa pili zaidi ya nusu ya namba ya kwanza imeondolewa. Klorofili b, ambayo ni chache, hupatikana kwa kutoa namba kubwa katika namba kubwa, na kwa hiyo kosa dogo katika mojawapo huwa zito katika jibu lake.

Kigezo kilichopotoka

Hesabu ya Arnon ilienea duniani kote. Ilihitaji asetoni, chombo cha kupimia ufyonzaji, na mistari miwili ya hesabu, na wanabotania wa vizazi kadhaa waliitumia kujua kadiri ya klorofili na uwiano wa a kwa b, uwiano ambao hutumika kueleza namna mmea unavyojirekebisha katika jua kali au kivulini.

Lakini vizidishi vya Arnon havikutokana na sampuli alizozitayarisha yeye mwenyewe. Alivijenga juu ya vipimo vya G. Mackinney vilivyochapishwa mwaka 1941, na vipimo hivyo havikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka 1989 watafiti watatu wa Australia, R. J. Porra, W. A. Thompson na P. E. Kriedemann, walichapisha vizidishi vipya. Kwa asetoni ya asilimia 80 iliyozuiwa isigeuke asidi, wao walipima katika nanomita 663.6 na 646.6, na vizidishi vyao vilikuwa 12.25 na 2.55 kwa klorofili a, na 20.31 na 4.91 kwa klorofili b. Ilibainika kwamba kwa hesabu ya Arnon uwiano wa a kwa b ulitoka mdogo kuliko ulivyo kweli. Na kosa hili halikuwa la bahati, la kupanda siku moja na kushuka siku nyingine. Lilielekea upande mmoja daima, kama kibaba kilichopunguzwa.

La kuzingatiwa zaidi ni namna ukweli ulivyopatikana. Watafiti hao hawakurudia vipimo vya mwanga kwa uangalifu zaidi na kuishia hapo. Walitafuta shahidi wa nje. Kila molekuli ya klorofili, iwe a au iwe b, ina atomu moja ya magnesi katikati yake. Wao wakapima magnesi kwa njia nyingine kabisa, na kwa hesabu ya atomu hizo wakathibitisha ukolezi wa klorofili katika vigezo vyao. Kosa lililokaa miaka 40 halikuweza kuonekana kutoka ndani ya hesabu yenyewe, kwa sababu milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili hutoa jibu daima. Ukiwekewa majani yaliyooza, ambayo klorofili yake imekwisha kupoteza magnesi na kuwa kitu kingine kinachofyonza mwanga karibu na mahali pale pale, bado utatoa namba mbili, wala hautaonya.

Mawimbi mengi na miraba midogo kabisa

Dawa ya kwanza ya udhaifu huo ni kupima katika urefu wa mawimbi mengi kuliko idadi ya viambato. Spektrofotometa za siku hizi husoma mamia ya mawimbi kwa muda mfupi. Viambato vikiwa vitatu na mawimbi yakiwa mia, ipo milinganyo mia yenye visivyojulikana vitatu, na kwa kuwa kila kipimo kina kosa dogo, hapana jibu moja linaloitosheleza yote. Hapo hutumika njia ya miraba midogo kabisa, iliyochapishwa na Adrien-Marie Legendre mwaka 1805 na kuelezwa tena na Carl Friedrich Gauss mwaka 1809. Huchaguliwa jibu ambalo tofauti zake na vipimo, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, zikijumlishwa hutoa jumla iliyo ndogo kuliko zote. Makosa madogo ya mawimbi mbalimbali hupunguzana, na zaidi ya hayo hupatikana kitu ambacho Arnon hakuwa nacho, nacho ni baki: ile sehemu ya vipimo ambayo viambato vilivyotajwa vimeshindwa kuieleza.

Hata hivyo wingi wa mawimbi hautibu kila ugonjwa. Viambato viwili vikifanana mno katika ufyonzaji wao, hesabu huwa tete. Chukua milinganyo hii miwili: x + y = 10, na x + 1.01y = 10.05. Jibu ni x = 5 na y = 5. Sasa kipimo cha pili na kikosewe kidogo tu, kisomwe 10.06 badala ya 10.05, yaani kosa la sehemu moja katika elfu. Jibu jipya ni x = 4 na y = 6. Kosa lisiloonekana kwa macho limegeuza kila jibu kwa sehemu moja ya tano. Jumla bado ni 10, wala haikuguswa. Kilichoharibika ni mgawanyo. Kwa sababu hiyo mchanganuzi hujitahidi kuchagua mawimbi ambapo viambato hutofautiana kwa dhahiri, wala si mawimbi ambapo ufyonzaji ni mkubwa tu.

Viambato visivyojulikana

Njia iliyoelezwa hadi hapa huitwa ugezi wa kawaida, nayo ina sharti gumu: kila kiambato kinachofyonza mwanga hakina budi kujulikana na kuwekwa katika hesabu. Katika chupa ya maabara hilo lawezekana. Katika punje ya ngano haliwezekani. Ngano ina maji, wanga, protini, mafuta na vitu vingine vingi, na ukubwa wa unga wake nao hubadili mwanga unaorudi.

Njia iliyotumiwa ni kuigeuza hesabu. Badala ya kueleza ufyonzaji kwa kutumia viambato vyote, huelezwa kiambato kimoja kinachotakiwa kwa kutumia ufyonzaji wa mawimbi kadhaa. Huu ndio ugezi wa kinyume. Hukusanywa sampuli nyingi za ngano halisi. Protini ya kila moja hupimwa kwa njia ya zamani ya Johan Kjeldahl, iliyobuniwa Copenhagen mwaka 1883. Kisha hutafutwa vizidishi vinavyoweza kuitoa namba ile ile kutoka katika mwanga. Wanga na maji hayahitaji kupimwa, mradi tu kiasi chake kinabadilikabadilika katika sampuli hizo kama kinavyobadilika mashambani. Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, huko Beltsville, alikuwa mwanzilishi wa kazi hii kwa mwanga wa infraredi ya karibu, na mwaka 1975 Tume ya Nafaka ya Kanada ilianza kuitumia badala ya Kjeldahl katika kupima protini ya ngano. Kilichohitaji asidi kali na muda mrefu kikawa kazi ya dakika chache.

Lakini mawimbi yakiwa mamia na sampuli zikiwa makumi, vizidishi hupatikana kwa njia nyingi mno, na karibu zote ni za uongo. Kwa hiyo mawimbi hayo hukusanywa kwanza katika mafungu machache. Karl Pearson mwaka 1901 na Harold Hotelling mwaka 1933 walieleza namna ya kupata mafungu yanayobeba sehemu kubwa ya mabadiliko yote. Baadaye, katika miaka ya 1980, Svante Wold wa Sweden na Harald Martens wa Norway, wakifuata kazi ya Herman Wold, babake Svante, waliieneza katika kemia njia ya miraba midogo kwa sehemu, ambayo kimataifa hufupishwa kwa herufi PLS. Tofauti yake ni kwamba mafungu huchaguliwa kwa kuangalia pande mbili kwa pamoja: yabebe mabadiliko ya mwanga, na papo hapo yafuatane na mabadiliko ya kiambato kinachotafutwa.

Kukariri na kujua

Mafungu mangapi yatumike? Swali hili ndilo linalotenganisha ugezi mwema na ugezi wa kujidanganya. Kadiri mafungu yanavyoongezwa, hesabu huzidi kuafikiana na sampuli za kugezea, mpaka mwisho huzirudisha zote bila kosa. Mtu asiyejua hufurahi. Lakini hesabu hiyo ni kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana: akiulizwa maswali yale yale hupata yote, na akiulizwa swali jipya hana neno. Imekariri hata makosa madogo ya vipimo, ambayo hayatarudi tena.

Kwa hiyo sampuli kadhaa huwekwa kando, zisitumike katika kugeza, na hesabu hukaguliwa kwazo. Tofauti kati ya jibu na ukweli katika kila sampuli hupigwa mraba, miraba hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya sampuli, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Namba hiyo, wala si ile ya sampuli za kugezea, ndiyo inayostahili kutangazwa. Kwa kawaida hupungua mafungu yanapoongezwa mwanzoni, halafu huanza kupanda. Na pale inapoanza kupanda ndipo pa kusimama.

Baki, na kisa cha maziwa

Jambo moja halijajibiwa: itakuwaje sampuli ikiwa na kitu ambacho hakikuwamo katika vigezo? Kisa cha China cha mwaka 2008 kinaonyesha uzito wa swali hili. Maziwa yaliyotiwa maji hupungukiwa na protini. Njia ya Kjeldahl haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha huzidisha, kwa maziwa, na 6.38. Walaghai wakatia melamini, kitu kinachotumika kutengenezea plastiki, ambacho asilimia 66 hivi ya uzito wake ni naitrojeni. Kwa hesabu hiyo gramu 1 ya melamini huonekana kuwa zaidi ya gramu 4 za protini. Watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua, na 6 walikufa kwa hesabu iliyotolewa na serikali.

Hesabu ya Kjeldahl haikukosewa na mtu yeyote. Namba moja ilipimwa, nayo ilikuwa namba ya kweli ya naitrojeni. Kilichokuwa cha uongo ni dhana kwamba naitrojeni yote ni ya protini. Kipimo cha namba moja hakina baki, na kwa hiyo hakina namna ya kusema kwamba kimeona jambo kisilolifahamu. Kipimo cha mawimbi mengi kinayo. Kiambato kigeni kikiingia, sehemu ya mwanga wake hubaki bila kuelezwa, na baki likiwa kubwa kuliko la kawaida, mchanganuzi anajua kwamba sampuli hiyo si ya jamii ya vigezo vyake. Jibu lapasa kukataliwa, hata kama linapendeza. Vyombo vinavyopima katika pande mbili kwa pamoja, mathalan mwanga unaoingia na mwanga unaotoka, huenda mbali zaidi: vinaweza hata kukipima kiambato kinachotakiwa kungawa kigeni kimo. Mwaka 1994 Karl Booksh na Bruce Kowalski walizipanga njia hizi kwa daraja, kutoka namba moja, kupitia mstari wa namba, hadi jedwali la namba.

Hata hivyo baki si mlinzi asiyelala. Kitu kigeni kikiwa kidogo mno, alama yake hufichwa na kelele za chombo. Na ikiwa sampuli za kugezea zenyewe zilikuwa na melamini, na protini yake ikapimwa kwa Kjeldahl, basi hesabu itaufundishwa uongo na kuurudia kwa ufasaha. Hapo hapana baki litakaloonekana, kama vile lilivyokosekana katika hesabu ya klorofili tangu 1949.

Maneno matatu

Kutokana na hayo, ni dhahiri kwamba kazi hii ina hatua tatu, na kila moja inahitaji jina lake. Kugeza ni kuijenga hesabu kwa sampuli zinazojulikana. Kukagua ni kuijaribu kwa sampuli zilizowekwa kando, na, ikiwezekana, kwa shahidi wa nje kama magnesi alivyokuwa kwa klorofili. Kupima ni kuitumia kwa sampuli ngeni. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa katika kuwapa wanafunzi istilahi za sayansi, lakini istilahi haimalizi kazi yake inapoingizwa kamusini. Ikiwa mwalimu atasema kupima kwa hatua zote tatu, mwanafunzi atadhani kwamba namba inayoonekana kwenye kioo cha chombo imetoka katika maziwa peke yake. Akizoea kusema kugeza, atakumbuka kuuliza ni kibaba gani kilichotumika, na nani aliyekikagua.